Banda la Maonesho Lianze na Penseli

Tarehe 22 Juni 1850, gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa jengo lililokusudiwa kubeba Maonesho Makuu ya mwaka uliofuata katika bustani ya Hyde Park. Kamati ya ujenzi, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa mhandisi mashuhuri Isambard Kingdom Brunel, ilikuwa imepokea mapendekezo zaidi ya 240, ikayakataa yote, kisha ikachora la kwake: jengo refu la matofali lenye kuba la chuma la upana wa karibu mita 60. Watu wa London walipouona mchoro huo walikuja juu. Maonesho ni ya miezi michache; mamilioni ya matofali yakishapangwa juu ya nyasi za bustani ya umma, nani atakuja kuyaondoa? Tarehe 6 Julai gazeti lilelile likachapisha mchoro wa jengo jingine, la chuma na vioo, jepesi, la kufunguliwa vipandevipande na kuhamishwa. Mwenye wazo alikuwa Joseph Paxton, mkuu wa watunza bustani wa kasri la Chatsworth. Kufikia katikati ya Julai kamati ilikuwa imelikubali.

Kila anayebuni mabanda ya maonesho, majukwaa ya matamasha au mandhari ya hafla anafaa kuifahamu habari hii. Sisi huikumbuka kwa ushindi wa Paxton, lakini mchoro wa kamati nao ulifanya kazi kubwa: uliwapa watu nafasi ya kukataa kabla tofali hata moja halijanunuliwa. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mchoro wa wazo, na ndiyo tunayoipoteza tunaporuka penseli na kukimbilia picha za kompyuta zinazong'aa kana kwamba jengo limekwisha kusimama. Msimamo wangu ni kwamba mchoro wa mkono ndio hati pekee, katika siku za mwanzo za kazi, inayosema ukweli kuhusu kiasi gani kimeamuliwa na kiasi gani bado. Kwa hiyo uje kwanza, na ulipiwe.

Wazo la Paxton lilianzia kwenye karatasi ya kukaushia wino. Tarehe 11 Juni 1850 alikuwa katika kikao cha kampuni ya reli ya Midland mjini Derby, na hapo mezani akachora kwa kalamu mikwaruzo michache ambayo leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London. Ukiitazama karatasi hiyo utaona vitu viwili tu: jengo lilivyokatwa kwa upana, likipanda kwa ngazi kuelekea katikati, na sehemu ya ubavu wake yenye nguzo zinazojirudia kwa nafasi sawa. Hakuna bendera, hakuna umati, hakuna mwanga wa jua unaopenya kwenye vioo. Lakini ule mpangilio wa nguzo zinazojirudia ndio jengo lenyewe. Kipimo cha kioo kimoja, chenye urefu wa inchi 49, kiliongoza paa. Nguzo zikapangwa kwa futi 24. Na kwa kuwa kila kipande kilifanana na jirani yake, wakandarasi Fox na Henderson waliweza kupiga hesabu ya jengo la urefu wa mita 563 kwa muda mfupi na kutaja bei ya pauni 79,800, kwa sharti kwamba vifaa vibaki mali yao baada ya maonesho. Mkandarasi wa mabanda anayesoma haya atatambua mara moja: huo ni mkataba wa kukodi, uleule tunaotia saini leo.

Na kuna kitu ambacho hakikuwemo kwenye karatasi ile. Ukumbi mrefu wa paa la mviringo uliokatiza jengo katikati, ambao kila picha ya Crystal Palace, jina lililopewa jengo hilo, huuonesha, haukuwa kwenye mchoro wa kwanza. Ulikuja baadaye, kwa sababu ya miti. Wakazi hawakutaka miti mikubwa ya Hyde Park, aina ya elm, ikatwe, na njia ya kuinusuru ilikuwa kuinua paa juu yake. Sehemu nzuri kuliko zote ilizaliwa na malalamiko ya wananchi, na ikaingia kwa urahisi kwa sababu wazo lilikuwa bado lina nafasi. Tarehe 1 Mei 1851 Malkia Victoria alifungua maonesho hayo, na hadi yanafungwa Oktoba watu zaidi ya milioni 6 walikuwa wamepita chini ya paa lile lililoinuliwa juu ya miti iliyo hai.

Sasa tuje kwenye kazi ya leo. Kampuni au taasisi inapata nafasi ya banda, tuseme mita 6 kwa 6, na wiki tatu kabla ya ufunguzi inaita wabunifu watatu. Maelekezo ni mafupi: nembo ionekane, pawe na sehemu ya kupokea wageni, pawe na skrini, bajeti mtatuambia ninyi. Halafu linakuja sharti ambalo limekuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna anayelihoji: leteni picha ya 3D, ile ya kompyuta inayoonesha banda kama limekwisha kujengwa, keshokutwa. Mbunifu anakesha. Hajapata muda wa kuuliza banda litatazamana na nani, mlango mkuu wa ukumbi uko upande gani, wageni watakuja kununua au kuuliza, wahudumu watakuwa wangapi na mabegi yao watayaweka wapi. Lakini programu ya kompyuta haimruhusu kunyamaza pale asipojua. Inataka rangi ya kapeti, aina ya taa, mng'ao wa kaunta, hata kivuli cha chupa ya maji iliyo mezani. Anajaza vyote kwa kubahatisha, na mteja anaviona vyote kama ahadi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mteja anaipenda ile picha, hasa kile kivuli cha buluu chini ya kaunta. Fundi seremala anaipokea na kugundua kwamba ukuta uliopinda hauwezi kupinda hivyo kwa mbao zinazopatikana, kwamba skrini inayoelea hewani haina pa kushikiliwa, na kwamba kanuni za ukumbi haziruhusu kitu chochote kuzidi kimo fulani. Kila rekebisho linaonekana kama kupunjwa. Mteja anasema, "Hiki sicho mlichonionesha," naye ana haki, kwa sababu alioneshwa kitu kilichojifanya kimekamilika. Kwenye mchoro wa penseli hakuna kivuli cha buluu cha kugombania. Kuna mstari unaosema: hapa pawe na kaunta, iwe upande wa kushoto, isizibe njia.

Wapo wanaodhani hoja hii ni mapenzi ya watu wa zamani kwa karatasi. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Magdeburg, Ujerumani, waliwaonesha wasanifu majengo na wanafunzi wa usanifu picha za jengo lilelile katika sura tofauti: michoro safi ya kompyuta, picha zilizotiwa vivuli, na picha iliyofanywa ifanane na mchoro wa mkono. Kwa kuwasilisha rasimu za mwanzo, ule mfano wa mchoro wa mkono ndio uliopendelewa, na ndio uliowachochea zaidi watazamaji kujadili na kupendekeza mabadiliko. Tena mchoro ule ulitolewa na kompyuta. Nguvu haikuwa kwenye karatasi wala penseli kama vitu. Ilikuwa kwenye mstari unaoonekana kwamba bado unaweza kusogezwa. Ndiyo maana sina ugomvi na mbunifu anayechora kwa kalamu ya kielektroniki kwenye kompyuta bapa. Mkono ni uleule, na kila mstari bado ni uamuzi wake.

Ni uamuzi gani huo? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani mchoraji wa mabanda ni mtu mwenye kipaji cha kupendezesha, ilhali kazi yake kubwa ni kuchagua.

Anaanza na macho ya mgeni. Mtu mzima aliyesimama huona dunia kutoka kimo cha kama mita 1.6, na mchoraji mzuri huupitisha mstari wa upeo pale, kisha mistari yote inayoingia ndani ya banda anaielekeza kwenye nukta moja juu ya mstari huo. Akifanya hivyo, vichwa vya watu wote waliosimama kwenye mchoro vinajipanga kwenye mstari mmoja, walio karibu na walio mbali, na mtazamaji anajikuta amesimama miongoni mwao. Picha nyingi za kompyuta huoneshwa kutoka juu, kama ndege atuaye, kwa sababu kutoka juu kila kitu kinaonekana na mteja anahesabu vitu alivyonunua. Lakini hakuna mgeni atakayeliona banda kutoka juu. Atakuwa chini, amebanwa na wenzake, ana mfuko mkononi na mtoto anayetaka juisi.

Kisha anachora watu, na anawachora mapema, kabla ya samani. Akishaweka watu wanne wakizungumza kwenye kaunta anaona mwenyewe kwamba wa tano hana pa kupita. Ukitembea kwenye viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, msimu wa Sabasaba, utakuta mabanda yaliyogharimu fedha nyingi ambayo meza ya mapokezi imewekwa mlangoni kabisa, wahudumu wawili wameketi nyuma yake, na nyuma yao kuna nafasi kubwa tupu ambayo mgeni anaona haya kuiingia. Kosa hilo halionekani kwenye picha ya banda lisilo na watu. Linajitokeza mara tu unapochora mtu anayetaka kuingia.

Wabunifu wazoefu huchora banda kwa umbali wa aina tatu. Kutoka mbali, ng'ambo ya ukumbi, ambapo kinachosomeka ni umbo, kimo na rangi moja. Kutoka hatua chache, ambapo mgeni anaamua kama atasimama au atapita, na hapo swali ni kama ameelewa banda hili linauza nini. Kisha kutoka ndani, akiwa amekwisha kuingia, ambapo anahitaji pa kugusa bidhaa, pa kukaa na mtu wa kumuuliza. Michoro mitatu midogo ya namna hiyo, kila mmoja usiozidi kiganja, kwa penseli na maka peni za kijivu za uzito wa aina mbili au tatu, humaliza mjadala ambao picha moja kubwa ya 3D haiwezi hata kuuanzisha. Rangi huja mwisho na huwa moja tu: ile ya nembo, pale mbunifu anapotaka jicho litue. Sehemu nyingine zinabaki nyeupe, na mteja anaelewa bila kuambiwa kwamba hapo bado pana mazungumzo.

Karatasi ya tresingi, ile nyembamba inayopitisha mwanga, nayo ina maana yake katika kazi hii. Unatandika karatasi mpya juu ya mchoro wa kwanza, unabaki na kile kilichokubaliwa, unabadilisha kilichokataliwa, na ule wa kwanza hauharibiki. Baada ya kikao cha saa mbili una tabaka tano za karatasi, na kila tabaka ni kumbukumbu ya uamuzi: hapa mteja alitaka jukwaa, hapa akaliacha kwa sababu ya gharama, hapa tuliligeuza banda litazame mlango wa mashariki. Siku mteja akiuliza kwa nini hakuna jukwaa, jibu liko mezani.

Kwenye burudani mfano nitakaoutaja ni wa Mark Fisher, Mwingereza aliyesomea usanifu majengo katika shule ya Architectural Association ya London, akaishia kuwa mbunifu mkubwa wa majukwaa ya muziki wa viwanja hadi alipofariki mwaka 2013. Alibuni majukwaa ya bendi za Pink Floyd, Rolling Stones na U2. Kwa ziara ya U2 iliyoanza 2009, jukwaa lilikuwa umbo la miguu minne lenye kimo cha karibu mita 50, na ilibidi zijengwe seti tatu ili moja ikitumika nyingine ziwe zinasimamishwa au kufunguliwa katika miji mingine. Kitu kikubwa kama hicho hupita mikononi mwa wahandisi wa chuma, watu wa taa, sauti na malori. Fisher alikuwa mchoraji hodari wa mkono, na tangu miaka ya nyuma michoro yake ilionesha jukwaa kama mtu wa kiti cha mbali atakavyoliona: usiku, umati gizani, moshi, na umbo moja linalowaka. Mwanamuziki anayeutazama anajua kama anautaka usiku huo. Hesabu za chuma zinafuata baadaye, zikijua zinakoelekea.

Es Devlin, mbunifu mwingine wa Uingereza, ndiye aliyebuni banda la nchi yake kwenye Expo 2020 ya Dubai, maonesho yaliyosogezwa na janga la korona yakafanyika kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022, na ambayo Watanzania na Wakenya wengi wanaoishi Ghuba walipata kuyatembelea. Banda hilo lilikuwa na umbo la koni, limeundwa kwa mbao ndefu zilizopangwa kuelekea kitovu kimoja, na kwenye ncha zake kulikuwa na maneno ya mashairi yaliyotungwa na akili mnemba. Ni mtu ambaye hakuiogopa teknolojia hata kidogo. Hata hivyo, jumba la makumbusho la Cooper Hewitt la New York lilipomfanyia maonesho makubwa kati ya 2023 na 2024, sehemu muhimu ya vilivyowekwa kwenye kuta ni michoro yake midogo ya mkono, mingine ya mistari michache tu, ambayo kazi zake kubwa zilitokana nayo.

Kuna pingamizi moja lenye uzito, nami siwezi kulipita. Mchoro wa mkono nao unaweza kulewesha. Jumamosi ya tarehe 26 Septemba 1953 Walt Disney alimwita mchoraji Herb Ryman, wakakaa pamoja wikiendi nzima, Disney akieleza na Ryman akichora, mpaka ikapatikana picha ya bustani ya burudani iliyotazamwa kutoka angani: ngome katikati, reli ikizunguka, mito, vijiji na mitaa. Kaka yake, Roy Disney, akaubeba mchoro huo hadi New York kutafuta fedha. Mwaka uliofuata kampuni ya televisheni ya ABC iliweka dola 500,000 na kudhamini mikopo, na Disneyland ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Mwaka 2017 ramani ya uwasilishaji iliyotokana na wikiendi ile iliuzwa kwenye mnada kwa dola 708,000. Je, si uongo uliopambwa? Baadhi ya maeneo yaliyoandikwa kwenye mchoro ule hayakujengwa kabisa, na yaliyojengwa yalijengwa tofauti.

Naona tofauti. Aliyeutazama mchoro wa Ryman alijua anatazama kusudio. Hakuna mfadhili aliyeweza kudai kwamba paa la nyumba fulani lilikuwa jekundu zaidi kwenye mchoro. Kilichokubaliwa ni mpangilio: mlango mmoja, njia moja ya kuingilia, ngome inayoonekana mwisho wa njia, na kutoka hapo matawi kwenda kila upande. Huo mpangilio ulijengwa, na bado upo. Mchoro uliweka mkazo kwenye kile kitakachobaki na ukaacha wazi kile kitakachobadilika. Mchoraji akiutumia ustadi wake kuficha udogo wa nafasi, akachora watu wafupi ili banda la mita 3 lionekane la mita 9, hapo anadanganya sawa na yeyote, na mkono wake hautamtetea. Kanuni yangu ni nyepesi: mchoro uwe huru katika mapambo, lakini vipimo vya sakafu, kimo na milango viwe vya kweli tangu mstari wa kwanza.

Tangu 2022 limeingia jambo jipya. Programu za akili mnemba zinazotengeneza picha kwa maneno, kama Midjourney na Stable Diffusion, zimemwezesha yeyote mwenye simu kupata picha ya banda la kifahari kabla chai haijapoa. Wateja wanakuja na picha hizo kwenye kikao. Wabunifu nao wanaziwasilisha kama zao. Nimezitazama nyingi kwa makini, na tatizo langu haliko kwenye uzuri, ni nzuri. Tatizo ni kwamba nyuma ya picha hakuna sakafu. Uliza ukuta huu una unene gani, hakuna jibu. Uliza umeme wa taa hizi unatokea wapi, hakuna jibu. Uliza kwa nini kaunta iko hapa, na jibu la kweli ni kwamba picha nyingine nyingi zina kaunta mahali kama hapo. Mchoraji wa mkono, hata akiwa mchanga kazini, ukimgusia mstari wowote atakuambia kwa nini ameuchora, au atakiri hajui na kuufuta. Anawajibika kwa kila mstari. Kwa mteja anayetoa fedha, huyo wa kuulizwa ana thamani kuliko picha.

Wapambaji wa kumbi wanalijua hili kuliko watu wa mabanda. Kamati ya harusi inafika na picha kwenye simu: ukumbi wa Dubai au Lagos, dari mita kumi, maua yananing'inia kama mvua. Ukumbi waliolipia hapa una dari ya chini, feni katikati na nguzo mbili zisizohamishika. Mpambaji mwenye busara haanzi kubishana na picha. Anapiga picha ukumbi wenyewe ukiwa mtupu, anaichapisha kwenye karatasi, anatandika tresingi juu yake na kuchora hapohapo: meza ya maharusi ikae hapa, nguzo hii tuivishe, feni tuzizime na maua yashuke kandokando. Mama mzazi wa bibi harusi anaona ukumbi anaoufahamu ukibadilika mbele ya macho yake, na anaacha kuulizia Dubai. Sijui njia nyingine inayowatuliza watu haraka hivyo bila kumdanganya yeyote.

Mambo mengine yanayosemwa dhidi ya mchoro wa mkono nayajibu kwa ufupi. Kwamba fundi hawezi kujenga kutokana na mchoro: kweli, na hakuna aliyesema ajenge kutokana nao. Baada ya wazo kukubaliwa inakuja ramani ya vipimo, kisha 3D, kisha michoro ya ufundi ya kila kiungo, na hapo kompyuta haina mpinzani. Kwamba wateja hawawezi kusoma mchoro: wengi wanaweza, wakichorewa watu ndani yake. Kwamba wabunifu vijana hawajui kuchora: basi wafundishwe, kwa kuwa kuchora mchemraba kwenye nafasi na mtu aliyesimama kando yake ni ujuzi wa miezi michache wa mazoezi ya kila siku, wala hauhitaji kipaji cha kuzaliwa nacho.

Lililo gumu ni malipo. Desturi ya sasa inamtaka mbunifu atoe wazo bure kwa matumaini ya kupata kazi ya ujenzi. Watatu wanachora, mmoja anachukuliwa, wawili wanaondoka mikono mitupu, na mara nyingine wazo la aliyekosa linaonekana kwenye banda la aliyepata. Wabunifu wamejihami kwa kuacha kufikiri mapema: wanatoa picha ya 3D ya kazi ya mwaka jana, wanabadilisha nembo na rangi, na kuiwasilisha. Wanaofanya hivyo nawaelewa. Hakuna anayeweza kukaa siku mbili akimfikiria mgeni wa banda ambalo huenda halitakuwa lake, kwa fedha ambazo hazitakuja. Matokeo yake tunayaona viwanjani: safu nzima ya mabanda yenye umbo moja, yakitofautishwa na rangi.

Sheria inasaidia kwa kiasi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, chombo cha hakimiliki cha nchi hiyo. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Zote mbili zinaulinda mchoro kama kazi ya sanaa. Ila hakimiliki hulinda mchoro kama ulivyochorwa; wazo tupu, kwamba kaunta iwe duara na wageni waingie kwa kona, haliwi mali ya mtu. Mteja akimweleza fundi mwingine kwa mdomo alichokiona, huna pa kushika. Kwa hiyo mchoraji ajilinde kwa mazoea ya kazi. Kila karatasi iwe na jina, tarehe na sahihi. Michoro iwasilishwe ana kwa ana, iondoke na mwenyewe, na nakala itolewe malipo yakifanyika. Faili ya picha kubwa isitumwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu usiowajua.

Upande wa wateja ninachodai ni mambo mawili, na taasisi za umma ndizo zianze kwa kuwa ndizo zenye mabanda makubwa na fedha za wananchi. Kwanza, ada ya wazo itengwe na bei ya ujenzi. Mbunifu aliyeitwa kwa jina alipwe kiasi kinachojulikana mapema kwa ajili ya michoro ya mkono na kikao kimoja cha majadiliano. Akishinda kazi, kiasi hicho kikatwe kwenye jumla. Asiposhinda, abaki nacho, na mteja aliyekilipa awe amepata haki ya kulitumia wazo lile. Ugomvi wa kuibiana unaisha siku hiyohiyo. Pili, 3D isiombwe katika hatua ya ushindani kabisa. Waombaji walete michoro mitatu ya mkono, ya mbali, ya karibu na ya ndani, pamoja na ramani ya sakafu yenye vipimo sahihi.

Na visingizio vya muda havina nguvu. Sabasaba ni tarehe 7 Julai kila mwaka, Nane Nane ni tarehe 8 Agosti, na kalenda za maonesho ya Nairobi, Kigali na Kampala hutangazwa mapema. Ofisi ya masoko inayoita wabunifu mwezi Februari itapata michoro Machi, itaikataa miwili, itarekebisha mmoja, na bado seremala atakuwa na wiki za kutosha za kukata mbao mchana badala ya kuzipigilia usiku wa kuamkia ufunguzi.